Landrova Mbili, Kadi Moja

Fundi wa kuunganisha magari hapimwi wakati wa kuchomelea. Wakati huo kila mtu ni fundi: cheche zinaruka, watoto wanasogea kutazama, na hata mwanafunzi aliyeanza juzi akivaa miwani myeusi huonekana bingwa. Mpime kabla hajawasha mashine, anapozunguka mikweche miwili iliyoegeshwa ubavu kwa ubavu, nyundo ndogo mkononi, akigonga, akiinama, akisikiliza. Mwenye gari, ambaye gereji nzima humwita tajiri hata kama amekopa nauli ya kufika hapo, hupenda kuona moto. Fundi anayejiheshimu humcheleweshea moto huo kadiri awezavyo.

Nazungumzia Landrova, na nazungumzia Arusha, kwa sababu ndiko ninakoijua kazi hii. Mji umezungukwa na mbuga, na mbuga hula magari. Landrova ikishachoka kubeba watalii huuzwa kwa mtu wa Longido au Loliondo, naye huipakia abiria, magunia na mbuzi mpaka ichoke mara ya pili. Baada ya hapo hulala uani kusubiri spea ambazo hazina haraka ya kufika. Ndiyo maana ukipita gereji za Unga Limited hukosi kukuta mbili zinatazamana, kila moja ina kile ambacho mwenzake amekikosa.

Mbili nilizozifuatilia zilikuwa hivi. Ya kwanza ilikuwa 110 ya watalii, ndefu, yenye milango mitano, iliyopinduka mteremkoni. Paa lilikuwa limekaa juu ya viti na ekseli ya mbele ilikuwa imepinda kwa kupiga jiwe. Lakini injini yake ilikuwa nzima: 300Tdi, dizeli ya lita 2.5, silinda nne, yenye turbo, isiyo na kompyuta ya kubembelezwa. Mafundi wa porini wanaipenda kuliko Td5 iliyokuja mwaka 1998 na umeme wake mwingi, maana 300Tdi ikigoma unaweza kubishana nayo kwa spana. Ya pili ilikuwa pikapu ya 110 ya miaka ya 1980. Injini ilinoki siku nyingi, ikaachwa chini ya mti, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Tajiri alitaka gari moja la kazi: kubeba saruji, mabomba na pumba, na siku ya mnada kubeba watu.

Kuna watu hulidharau gari la kuunganisha, huliita gari la kuokoteza. Hao hawajui Landrova ilivyozaliwa. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, anaitumia shambani kwake Wales. Alipotaka kampuni yake itengeneze gari la namna hiyo, gari la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chesisi ya Jeep, wakaliwekea injini na gia boksi vya gari dogo la Rover. Magari mawili, moja likatoka. Tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ikaonyeshwa hadharani Amsterdam. Vita vilikuwa vimeisha karibuni na chuma Uingereza kilitolewa kwa mgawo, ila alumini ilikuwepo. Basi chesisi ikawa ya chuma, na sehemu kubwa ya bodi ikawa alumini, vipande bapa vilivyofungwa kwa bolti na ribiti. Uamuzi huo wa watu waliobanwa na uhaba ndio unaomlisha fundi wa Unga Limited leo.

Maana Landrova hufunguka. Mlango, mabawa, boneti, fremu ya kioo, paa, bodi ya nyuma: kila kitu kimefungwa kwa nati, na nati ikifunguliwa kitu kinatoka kizima na kinaweza kwenda kwingine. Land Cruiser, ile tunayoiita Mkonga, nairudishia heshima zake zote. Injini yake ya 1HZ ya silinda sita ni mvumilivu wa ajabu, na mafundi wa Arusha wanaoikata katikati na kuirefusha ili iongezwe viti vya watalii wanafanya kazi ya kutisha. Lakini bodi yake ni ya chuma kilichochomelewa kiwandani, na ukitaka kuichanganya na nyingine unaanza na grenda. Kwenye Landrova unaanza na spana namba 13. Kwa kazi ya kufanya mawili yawe moja, mimi naichagua Landrova, na wenye Mkonga wanisamehe.

Turudi kwenye nyundo. Chesisi ya 110 ni maboksi mawili marefu ya chuma, kushoto na kulia, yaliyounganishwa na mitambaa. Boksi lina uwazi ndani, na matope yakiingia hayana pa kutokea. Kutu huanzia ndani na kuja nje, kwa hiyo rangi nyeusi iliyopakwa juzi inaweza kuficha chuma kilichobaki wembamba wa bati. Fundi hagongi ovyo. Anaanzia mbele, anagonga kila kiasi cha shibiri moja, anashuka chini ya tumbo, anakwenda mpaka mwisho. Penye chuma kizima panalia kwa sauti kavu inayokatika. Penye kutu panatoa mlio mzito, kama wa debe lenye mchanga, na hapo anaweka alama ya chaki bila kutoa maelezo. Gari lililoishi Tanga au Mombasa hugongwa mara mbili zaidi, kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Pikapu ilitoka na chaki sehemu ya nyuma tu. Mtambaa wa mwisho, ule unaobeba ndoano ya kuvutia, ulikuwa umekwisha, pamoja na kipande cha boksi kila upande. Ile ya watalii ililia vizuri mahali pote, na tajiri akafurahi: basi tuchukue chesisi hii. Fundi akasema ngoja.

Akaomba sakafu ifagiliwe. Chesisi ikawekwa juu ya stendi nne, ikalinganishwa kwa pimamaji. Kisha akaning'iniza timazi, uzi wenye kipande cha chuma kilichochongoka, kutoka kwenye tundu la bolti la mbele kushoto, akasubiri litulie, akaweka nukta ya chaki mahali ncha ilipoelekea. Akafanya hivyo kwenye matundu ya upande wa pili, ya katikati na ya nyuma. Chesisi ikasukumwa pembeni. Pakabaki sakafu yenye nukta, na hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini alikuwa mkali kuhusu kufagia. Yeye na kijana wake wakavuta tepu kona kwa kona: mbele kushoto mpaka nyuma kulia, kisha mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Chesisi iliyonyooka hutoa vipimo viwili vilivyo sawa. Hii iliachana kwa zaidi ya upana wa kidole gumba. Kupinduka kulikuwa kumeisukuma sehemu ya mbele upande mmoja, na jicho lisingeona kitu. Wakarudia ulalo wa katikati mpaka nyuma peke yake. Huko ilikuwa imenyooka.

"Fundi, unapima mpaka lini?" tajiri akauliza.

"Tajiri, chuma nikishakikata hakirudi."

Uamuzi ukajitokeza wenyewe. Pikapu ibaki na chesisi yake, maana nayo ilipopimwa vivyo hivyo mbele na katikati imenyooka, tena namba ya chesisi imegongwa kwenye boksi la kulia mbele. Mkia wa ile ya watalii ukatwe, uje kuziba mkia wa pikapu. Mkato mmoja kwenye kazi yote. Nimeona gereji ambako magari mawili hukatwa nusu kwa nusu kiunoni, yakaunganishwa kwa mshono wa wima ulionyooka kama wa gunia, yakapakwa rangi na kuuzwa. Sina maneno ya adabu kwa watu hao. Mshono wa namna hiyo unakaa mahali ambapo mzigo wote wa gari unainama, na siku utakapoachia, atakayekuwa ndani si yule aliyeuchomelea.

Kufungua kulichukua muda mrefu kuliko kuunganisha, na sitaki kukuchosha nako, ila jambo moja nilipenda. Bolti iliyoganda haikupigwa. Ilipakwa mafuta jioni, ikaachwa ilale. Asubuhi ikajaribiwa kidogo, ikipewa nafasi ya kukaza kabla ya kulegezwa. Ikikataa inapashwa moto kwenye nati, si kwenye bolti, ili nati itanuke. Kijana aliyekata nati kwa grenda bila ruhusa alipewa kazi ya kuosha springi siku nzima. Kila bolti iliyotoka iliingia kwenye kopo la rangi lililoandikwa ilikotoka.

Injini ndiyo ilileta ubishi. Watu hudhani 110 ni 110, lakini mahali pa mauntingi za 300Tdi kwenye chesisi si pale palipokaa zile za dizeli ya zamani. Fundi uchwara hapo huishikilia injini kwa vyuma alivyobahatisha, na matokeo yake gia boksi inakaa kwa kuvutwa, klachi inatetemeka, na kila baada ya miezi michache mpira wa mauntingi unakatika. Huyu alifanya kinyume. Aliining'iniza injini na gia boksi yake kwenye cheni bloku, akafunga kwanza upande wa gia boksi, akaacha injini ielee. Akapima umbali wake kutoka boksi la kushoto na la kulia, akapima mteremko wake, akahakikisha feni haigusi rejeta na sampu haigusi ekseli pale springi itakapobonyea. Injini ilipokaa inavyotaka ndipo akakata vipande vya chuma vya kufuata nafasi hiyo. Vyuma viliifuata injini. Ukitazama ndani ya boneti leo huwezi kusema si mahali pake.

Kisha ikaja habari ya difu, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Ekseli ya mbele iliyotumika ni ya pikapu yenyewe, kwa kuwa ile nyingine ilikuwa imepinda. Ila kichwa cha difu kilikuwa kimekatika meno. Kijana akakumbuka kuna kingine stoo, cha 109 ya zamani, zile za springi za majani. Akakileta, akakijaribisha, bolti zikakaa, tundu kwa tundu.

"Mzee, hiki kinaingia!"

"Kuingia kinaingia. Kihesabu."

Kijana akakiweka mezani. Akatia chaki kwenye jino moja la gurudumu kubwa la difu na nyingine kwenye shingo inayofungwa propela, akaanza kuizungusha shingo kwa mkono, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, na chaki ya kwanza ilikuwa bado haijarudi. Ilirudi ilipokuwa karibu kutimia ya tano. Fundi akamwonyesha ekseli ya nyuma, iliyokuwa juu ya stendi. Gurudumu moja likazuiwa, jingine likazungushwa mara mbili kamili, ambayo kwa namna difu inavyogawa ni sawa na yote mawili kuzunguka mara moja. Propela ikazunguka mara tatu na nusu hivi.

Hizo ndizo hesabu za kiwandani: 4.7 kwa 109, 3.54 kwa 110. Tofauti hiyo ukiifunga kwenye gari lenye kuvuta miguu yote minne, gari litaondoka gereji bila kelele. 110 huvuta mbele na nyuma wakati wote, na difu ya katikati ndiyo inayomeza tofauti ya mwendo. Itaimeza, itapata joto, itakula mafuta yake. Siku dereva akifika kwenye tope na kufunga loku ya katikati, ekseli ya mbele itataka kwenda mwendo wake na ya nyuma wake. Tairi zitaburuzika zikiwa na bahati. Zisipoburuzika, kitavunjika kitu cha bei. Na hapo dereva atasema Landrova ni gari bovu. Kichwa cha 109 kikarudi stoo, na tajiri akatumwa kutafuta chenye hesabu inayolingana. Aliguna, lakini akaenda.

Mkia ukaungwa wakati huo. Boksi halikukatwa wima bali kwa mshazari, ili mshono ugawane mzigo juu na chini. Ndani ya boksi kikaingizwa kipande kingine cha boksi kinachobana, kikiingia mbele na nyuma ya mkato, na nje kikaongezwa kibandiko chenye ncha mbili kama jani. Betri zilikuwa hazimo, tangi la mafuta halimo, na vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimeanikwa juani tangu asubuhi, maana kijiti chenye unyevu hufanya mshono wenye matundu. Alichomelea kidogo upande wa kushoto, akaacha. Akahamia kulia, akaacha. Juu, chini, akapumzika, akapima kona kwa kona tena, akaendelea. Joto hukivuta chuma, na anayemaliza upande mmoja kwa mkupuo hujikuta amepindisha alichokuja kunyoosha. Walipomaliza, kitovu cha gurudumu la mbele mpaka cha nyuma kilikuwa sentimita 279 na ushee kila upande, ambazo ndizo zile inchi 110 zilizolipa gari jina.

Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva ulitoka kwenye gari la watalii, kwa kuwa wa pikapu ulikuwa umelika mahali pa kukanyagia. Fremu ya kioo na paa fupi la mbele vilitoka kwenye pikapu. Milango ikatoka huku na huku. Ukuta huo ukiinama mbele kidogo tu, mlango hukwama juu. Ukilala nyuma, hukwama chini. Hakutumia tepu hapo. Alitumia mlango wenyewe: anaufunga, anautazama uwazi wake kuanzia juu mpaka chini, analegeza bolti, anaongeza kipande cha bati jembamba, anaufunga tena. Mara ngapi sikuhesabu. Kijana alikuwa ameshakaa chini.

Alumini ikigusana na chuma penye maji, alumini ndiyo huliwa, na ndiyo maana Landrova nyingi zina unga mweupe kando ya bolti. Kila mahali bodi ilipokalia chesisi fundi aliweka rangi, kisha ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Nyaya zilihamishwa nzima kutoka gari moja, hazikuungwaungwa, na hilo linatosha kusemwa juu ya nyaya.

Gari likatoka halina rangi moja. Mlango wa kulia una nembo ya simba iliyofutwa nusu. Lilipelekwa tupu mpaka nje ya mji na kurudi, fundi akiwa amekaa kiti cha abiria, kioo chini, anasikiliza propela. Likapakiwa mifuko ya saruji, likapelekwa kwenye makorongo, likarudi, likainuliwa, kila nati ikarudiwa kukazwa. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Landrova na barabara zikajaa, watu walipiga picha zile zilizong'arishwa. Mimi nilikuwa nainama kutazama chini ya zile zilizochoka, na baadhi zilikuwa na viraka vya jani vilivyochomelewa vizuri kabisa.

Kama una mikweche miwili uani na unafikiria kuifanya moja, tafuta fundi mwenye timazi na mlipe siku za kupima bila kumnung'unikia. Na kabla ya kuita mpaka rangi, nenda TRA. Kadi inaandika namba ya chesisi na namba ya injini. Chesisi ikibaki ile ile na injini ikabadilika, mabadiliko hayo yaandikwe, gari likaguliwe, na kadi ya lile lililovunjwa isiachwe ikizurura mitaani. Namba ya chesisi usiiguse kwa grenda wala patasi hata kama imeingia kutu. Isugue kwa brashi ya waya, uipake grisi, na trafiki akikusimamisha Monduli muonyeshe.